Tumkumbuke Mayu Mwalimu, mwalimu wetu wa UPE aliyekifundisha kijiji kizima kusoma (uzi mrefu, leteni na wa kwenu)

#1 (mleta uzi)

Wakuu habarini.

Kuna kundi la walimu nchi hii ambalo mpaka leo likitajwa watu wanacheka, nalo ni walimu wa UPE, ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Mtu akiteleza kidogo kwenye hesabu za kikao utasikia "huyu kafundishwa na UPE huyu". Sasa mimi nimefundishwa na UPE. Mwalimu aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza alikua wa UPE, ametutoka hivi karibuni, na wasifu uliosomwa msibani ulikua mfupi mpaka ukaniuma, kazaliwa, kaajiriwa, kastaafu, kaacha watoto na wajukuu, basi. Yule mama kafanya kazi kubwa mno pale kijijini na naona sisi tuliofundishwa nae tusipoiandika hakuna atakaeiandika, kwahiyo naleta uzi, mwenye haraka apite atarudi baadae.

Kijiji sikitaji, ni Kwimba huko ndani, Usukumani kwenye pamba. Jina lake nalo naliacha, ni la familia yake. Pale kwetu mtoto kwa mzee walimwita Mayu Mwalimu (mayu ni mama kwa kisukuma) na mimi nitamwita hivohivo.

Kwanza kwa vijana ambao UPE mnaisikia kwenye utani tu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa Musoma ikaamua kwamba ikifika Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mipango ya mwanzo ilikua hilo lifikiwe 1989, yaani walikata zaidi ya miaka kumi kwa mkupuo mmoja. Ada ya msingi ilishafutwa 1973. Sasa watoto wanakuja kwa mafuriko, walimu watoke wapi? Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo hata vingelala wazi usiku na mchana visingeweza kutoa idadi ile. Ndo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwao kwa miaka mitatu hivi, asubuhi anafundisha watoto, mchana na yeye anageuka mwanafunzi, masomo mengine yanakuja kwa posta mengine kwa redio, msimamizi anazunguka na baiskeli kituo hadi kituo kuwakagua, mwishoni wanaenda chuoni wiki chache kumalizia na kufanya mtihani. Kwa njia hiyo wakapatikana walimu zaidi ya 35,000. Mayu Mwalimu ni mmoja wao.

Kijiji chetu kilikua kipya. Watu walikua wamehamishwa kwenye Operesheni Vijiji, wengine nyumba zao za zamani ziliezuliwa wakiwa wanaangalia, kwahiyo kitu chochote kilichokuja na neno serikali kilipokelewa kwa kununa. Ukimleta pale mwalimu mgeni mwenye suruali ya kupiga pasi kutoka mjini nakwambia wangempa watoto wale watoro tu. Ila huyu alikua binti yao. Baba yake alikua analima nao, mama yake anachota maji nao, na yeye mwenyewe kahamishwa kama wao. Aliposema leteni watoto, walileta.

Naendelea chini, msijibu kwanza.


#2 (mleta uzi)

Darasani. Vyumba vilikua viwili na wanafunzi wengi, darasa la kwanza tulikaa chini, tuliandika mchangani kwa kidole kabla ya kupewa daftari maana daftari lilikua mali. Ubao ulikua ukipauka tunaambiwa tulete betri mbovu za redio, zinavunjwa, ule unga mweusi wa ndani unachanganywa na majani yaliyopondwa, tunapaka ubao unarudi mweusi. Chaki kikiwa kipande cha mwisho alikua anakibana kwa kucha mpaka kiishe kabisa. Miaka ile ya baada ya vita ya Uganda, mnaokumbuka mtakubali, sabuni hakuna, karatasi hakuna, mafuta ya taa hakuna, lakini sikumbuki siku aliyotuambia leo hatusomi kwasababu hakuna kitu fulani.

Alikua na namna yake ya kufundisha kusoma. Hakuanza na a e i o u ukutani tukaimba kama kasuku. Alikua anauliza jina lako, anaandika jina lako mchangani, anakwambia hili ni wewe. Alafu anafuta herufi moja, anakuuliza sasa huyu nani? Mnacheka, mnabishana, mnatafuta herufi iliyopotea. Nimekuja kuona ukubwani wataalamu wanashauri kitu karibu na hicho, yeye sijui alikitoa wapi, pengine kwenye yale makaratasi ya posta, pengine kichwani mwake tu.

Alikua anachapa? Ndio, fimbo ilikuwepo kama shule zote za wakati ule. Ila kwa kushindwa kusoma hakuchapa mtu, alichapa kwa uongo na kwa kumcheka mwenzio aliyekosea. Ukimcheka mwenzio kwenye darasa la Mayu Mwalimu ulikua umeingia matatani kuliko hata mtoro.

Lakini si darasani tu, na hiki ndo nilitaka kukifikia. Saa tisa watoto tukitoka, chini ya mwembe wa shule walikua wanaingia wanafunzi wengine. Mama zetu.


#3

Mleta uzi umenigusa aisee. Kisomo chenye manufaa, yale madarasa ya watu wazima! Bibi yangu alikua anaita "kisomu". Endelea mkuu tupo.


#4

Me ni wa 2000s, naomba kueleweshwa. Yaani wazazi walikua wanasoma shule moja na watoto? Nani aliwalazimisha?


#5 (mleta uzi)

Mdogo wangu #4 swali zuri, ngoja nieleze.

Usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza huo mwaka kua mwaka wa elimu ya watu wazima, hoja yake ilikua kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue ndo iendelee, watu wazima ndo wanaolima leo na wanaoamua leo. Mwishoni mwa miaka ya 60 karibu watu wazima wawili kati ya watatu walikua hawajui kusoma. Kanda ya Ziwa sisi tulikua na bahati kidogo, mradi wa majaribio wa UNESCO ulianzia huku 1968, Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ambayo ndo Kagera ya sasa. Wazo lao lilikua zuri, kwamba mtu mzima humfundishi kusoma kwa hadithi za sungura, unamfundisha kwa kazi yake. Mkulima wa pamba anasoma kitabu cha pamba, kupanda kwa mstari, kupalilia, kuchuma, wa ndizi anasoma cha ndizi, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe. Neno la kwanza mama yangu mzazi kulisoma maishani mwake lilikua pamba.

1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika, wasiojua wakaonekana wamebaki asilimia 39. 1977 asilimia 27. 1981 asilimia 21. 1986 wakasema imefika chini kidogo ya 10. Hizo za mwisho wapo wanaozibishia, na hata mimi naona mtu aliyefaulu mtihani mara moja akakaa miaka bila kitu cha kusoma anasahau. Lakini hata ukizipunguza bado ni kazi kubwa imefanyika, na imefanyika na nani? Si maprofesa. Ni darasa la saba kama Mayu Mwalimu, kwa posho ndogo sana na sehemu nyingine bila posho kabisa, jioni, baada ya kufundisha watoto asubuhi nzima na kabla ya kwenda kupika kwake.

Kulazimishwa, kulikuwepo msukumo wa chama, balozi wa nyumba kumi anapita kuuliza nani hajaenda, sifichi. Ila msukumo unamleta mtu mara ya kwanza, haumfanyi arudi. Walirudi kwa ajili yake. Darasa lilikua la kiswahili na mama zetu wengi kiswahili chenyewe kilikua cha kuokoteza, kwahiyo alikua anaeleza kwa kisukuma, wanacheka, wanaelewa, ndo anaandika kwa kiswahili. Watoto wachanga mgongoni, wengine wananyonya hapohapo. Mwanaume akija kumsaka mkewe kwamba ugali haujapikwa, Mayu anamkaribisha, anampa kijiti, "baba kaa hapa andika jina lako alafu mwondoke wote". Wengine walikaa kweli, na baadhi waliishia kua wanafunzi.


#6

Natokea Newala, mama yangu alikua mwalimu wa UPE na yupo hai. Nasoma huu uzi natetemeka. Naongezea kwa upande wa nyumbani maana nyie mlimuona darasani tu.

Mama alikua na ujauzito wangu anasoma ualimu huohuo wa kijijini. Anasema redio ilikua moja, ya kituo, betri zinatunzwa kama dhahabu, kipindi cha mafunzo kikianza wanakaa wote kimya na madaftari, betri zikikaribia kuisha wanazianika juani zipate nguvu kidogo. Makaratasi ya posta yakichelewa wanakopiana kwa mkono usiku kwa kibatari. Mtu anasema "hawakusoma" wakati wamesoma huku wanafundisha, huku wanalima shamba la shule, huku wanalea! Mama alikua daraja la IIIC, la chini kabisa kwa walimu, na hiyo C amesimangwa nayo maisha yake yote ya kazi, kwenye vikao, kwenye semina, mpaka na walimu vijana aliowapokea yeye na kuwatafutia nyumba.

Miaka ya baadae serikali ikataka wa IIIC na IIIB wajiendeleze wafike IIIA. Mama yangu akafanya mtihani wa maarifa, ule wa kukuruhusu kufanya form four, alafu form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, chumba kimoja na watoto aliowafundisha darasa la kwanza. Mmoja wao alitoka kwenye chumba cha mtihani akampokea mkoba. Mama hajawahi kulisahau lile jambo, kila mwaka analisimulia.


#7

Heshima kwa marehemu na kwa mama wa #6, ila tusipambe wakuu. UPE ndo ilianza kuua ubora wa elimu nchi hii. Darasa watoto mia, vitabu hakuna, mwalimu mwenyewe la saba anafundisha la saba. Tukubali tu kwamba tulihitaji walimu tukapata watu wa kujaza nafasi. Wangapi kutoka kijijini kwenu walifaulu kwenda sekondari kipindi cha huyo Mayu? Hicho ndo kipimo.


#8 (mleta uzi)

#7 nashukuru umesema wazi, nilijua litakuja na ndo lilinifanya niandike, ngoja nilijibu kwa utulivu.

Yapo unayosema kweli. Kiingereza Mayu Mwalimu hakukijua, alikua anasoma kitabu cha mwalimu sentensi moja mbele yetu na aliomba shule impangie mtu mwingine. Hesabu za juu la sita na la saba hakufundisha. Darasa kujaa, vitabu kukosekana, kweli tupu, watoto wa msingi nchi nzima walitoka kama milioni 1 na kitu mpaka kupita milioni 3 kwa miaka michache tu, na uchumi ndo huohuo unaporomoka. Mtu yeyote ungemuweka pale angezidiwa.

Ila kipimo chako ndo nakikataa. Wakati ule sekondari za serikali zilikua chache kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 80 waliochaguliwa walikua chini ya 5 kwa kila 100 waliomaliza la saba. Sasa nieleze mkuu, mwalimu mwenye watoto 100 mbele yake, ambae anajua kabisa 95 wataishia hapa, kijijini, shambani, afundishe kwa ajili ya nani? Shule nyingi zilifundisha kwa ajili ya wale watano. Wanakaa mbele, wanapewa tuisheni, wengine wanasindikiza. Mayu Mwalimu alifundisha kwa ajili ya wale 95. Na huko ndiko Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikokua inaelekeza, kwamba elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe, isiwe foleni ya kwenda kwingine, sema waliotekeleza kwa dhati hawakua wengi.

Alitufundisha vitu ambavyo mtihani hauulizi. Kuandika barua ya kuomba, kuandika barua ya kukataa. Kuandika hati ya kuuziana ng'ombe, nani kauza, nani kanunua, rangi ya ng'ombe, mashahidi, tarehe. Kusoma kadi ya kliniki ya mtoto, ule mstari ukishuka maana yake nini na uende wapi. Kusoma mizani. Kila Ijumaa la tatu na la nne tulikua tunaandika muhtasari wa kikao cha uongo, mmoja mwenyekiti mmoja katibu, tunagombana kuhusu kisima, katibu anaandika, alafu tunasomewa na tunasema kama ndivyo tulivyosema. Watoto wa miaka kumi tunasahihisha muhtasari!

Matunda yake nitaweka mawili tu niliyoyaona.

La kwanza pamba. Msimu wa kuuza, karani wa kununua anakaa na mizani na kitabu cha stakabadhi, wewe umeleta robota zako umepiga foleni tangu alfajiri. Zamani anataja kilo unazikubali, anasema hii ni fifi, yaani pamba ya daraja la chini, unakubali, anakupa karatasi unaikunja unaweka kwenye kanga bila kujua imeandikwa nini. Msimu mmoja, nilikua mdogo lakini nilikuwepo, wale mama wa kisomo walikuja na Mayu Mwalimu hakuwepo kabisa, alikua shule. Mama mmoja kasimama pembeni ya mizani anasoma kwa sauti, anasoma namba ya kila mzigo wa kila mtu, mwingine kakaa chini na daftari anaandika. Karani akauliza nyie kina nani, wakamwambia sisi ndo wenye pamba. Akasema mnachelewesha kazi. Wakasema tuna siku nzima. Kilichofuata sitakikuza, hakukua na ugomvi wala polisi, ila kuanzia hapo kwenye kile kituo mizani ilisomwa kwa sauti kila msimu, na ikawa desturi mpaka makarani wapya wanapokuja wanaikuta wanadhani ni kanuni ya serikali.

La pili shamba. Miaka ya 90 mwanakijiji mmoja alifariki akaacha mjane na watoto wadogo, ndugu wa mume wakaja na maneno yale tunayoyajua, shamba la ukoo, mwanamke arudi kwao. Kesi ikaenda baraza la kata. Yule mjane akatoa karatasi kwenye kibuyu. Marehemu mumewe, mmoja wa wale waliokuja kumsaka mke wakapewa kijiti, alikua ameandika kwa mkono wake mwandiko wa kisomo, herufi kubwakubwa zimelala, kwamba kipande fulani kuanzia mkuyu mpaka korongo amelima na mke wake na ni cha watoto wake na mama yao, mashahidi wawili, tarehe. Wazee wa baraza waliisoma ikazunguka mkono hadi mkono. Yule mama yupo kwenye lile shamba mpaka leo.

Sasa #7 nikuulize, hayo yanaingia kwenye matokeo ya mtihani gani?


#9

Duh. Mleta uzi hapo kwenye muhtasari wa kikao cha uongo nimekaa chini. Mimi nina digrii na nimejifunza kuandika muhtasari kazini nikiwa na miaka 27.


#10

Shikamooni na nyie mliochini yangu hamjambo. Mimi ni mstaafu, nilikua mratibu elimu kata huko huko Kanda ya Ziwa, si kata ya mleta uzi. Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme kidogo maana nilikua upande wa wanaokagua.

Walimu wa UPE hawakuwa wa aina moja. Wapo waliokua walevi, wapo walioacha kazi wakaenda machimboni, wapo waliotumia fimbo kuficha kutokujua kwao. Hayo niliyaandika kwenye ripoti. Lakini nilijifunza jambo moja katika kuzunguka. Mwalimu wa chuo cha kawaida akipangiwa kijiji cha mbali, wengi wao siku ya kwanza anaanza kuandika barua ya uhamisho. Simlaumu, hana ndugu pale, nyumba haina bati, mshahara anaufuata wilayani siku nzima. Yule wa UPE alikua kwao. Ana shamba lake, ana mama yake mzee wa kumtunza. Kwa hiyo nikirudi baada ya miaka kumi namkuta. Na mwalimu anayekaa miaka thelathini anafundisha mtoto, kisha mtoto wa yule mtoto, anajua kwamba ukoo huu wana macho mabovu hivyo anamweka mjukuu mbele bila kuambiwa. Elimu hiyo hakuna chuo kinachoitoa.

Kingine, tulipoanza MEMKWA kwa ajili ya watoto walioikosa shule, tulitafuta wawezeshaji wa kuwafundisha wale vijana wakubwa walioona haya kukaa na watoto wadogo. Waliokuja kujitolea kwa wingi katika kata yangu walikua walimu wa UPE waliokaribia kustaafu. Walishazoea kufundisha mtu mzima bila kumvunjia heshima.

Mungu amrehemu mwalimu wenu.


#11 (mleta uzi)

Marahaba... samahani mzee wangu, shikamoo! Ahsante sana, hilo la uhamisho sikuwahi kulitazama hivyo na limenifungua. Kweli Mayu Mwalimu hajawahi kuhama. Mara moja aliletewa uhamisho wa kwenda shule ya barabarani kabisa, karibu na hospitali na soko, wazazi wakaenda ofisi ya elimu na barua. Barua wameiandika wenyewe, sahihi ukurasa mzima, na si dole gumba, sahihi. Waliambiwa afisa elimu aliisoma barua yote akacheka akasema mwalimu aliyewafundisha hawa kuandika hivi mimi simtoi.

Na kwenye MEMKWA alikuwepo. Alipostaafu aliendelea kufundisha barazani kwake.


#12

Swali mkuu, sasa hivi hicho kisomo kipo? Na kijiji chenu kina tofauti gani na vya jirani, au ni mapenzi tu ya wanafunzi wake?


#13

#12 umeuliza swali la kisomi, nami nasubiri jibu.


#14

Mi nataka kusema tu kwamba baada ya kusoma huu uzi nimempigia mwalimu wangu wa la pili. Nilikua na namba yake sijawahi kuitumia. Amenitambua kwa sauti.


#15 (mleta uzi)

#14 umefanya jambo kubwa, hongera sana.

#12, kisomo kile cha mwembe kilipungua miaka ya 80 mwishoni kama kila mahali, pesa ziliisha, vitabu vikaisha, michango ya shule ikarudi, watoto wenyewe wakaanza kupungua darasani mpaka ada ilipofutwa tena kuanzia 2002 na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Lile gazeti la vijijini tulilokua tunapata huku Mwanza, Elimu Haina Mwisho, likawa halifiki tena, na maktaba ya kijiji ikawa stoo ya mbegu. Sitaki kuonyesha kwamba mambo yalikaa sawa muda wote, hayakukaa.

Tofauti ipo, na nitataja zile zinazoonekana kwa macho ili usiseme ni mapenzi.

Chama cha kuzikana cha akina mama kina madaftari tangu kilipoanzishwa na wale wanafunzi wa mwembeni. Nani katoa nini, msiba wa nani, sufuria ngapi zimetoka na ngapi zimerudi. Mweka hazina akibadilika anakabidhi kwa maandishi na wote wanasikiliza yakisomwa. Vikundi vingi vya vijiji jirani vimevunjika kwa sababu ya pesa, hiki kinadai watu mpaka leo na hakuna anaebisha maana kila kitu kipo.

Mkutano wa kijiji, mapato na matumizi yasipobandikwa watu wanauliza. Tumeshapata watendaji ambao hawakupenda kabisa hiyo tabia na wengine wakaomba kuhama.

Shule yenyewe ina walimu watatu sasa hivi ambao walifundishwa la kwanza na yeye. Mmoja anafundisha la kwanza, na anatumia ileile ya kuandika jina na kufuta herufi. Nilimuuliza hii mlifundishwa chuo? Akacheka, akasema chuo niliulizwa nimeitoa wapi.

Na jambo la mwisho ambalo nililiona juzi juzi nikiwa nyumbani. Nilikua nimekaa kwa wakala wa pesa za simu pale senta. Akaja bibi mmoja mkongwe wa kisomo, ametumiwa pesa na mwanae. Wakala kijana, mgeni pale, akanyoosha mkono, "bibi lete simu nikutolee". Bibi akasema subiri. Akaisogeza simu mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaanza kusoma ule ujumbe kwa sauti, polepole, herufi kwa herufi, jina la mtumaji, kiasi, salio, mpaka mwisho. Alafu akabonyeza mwenyewe. Alipomaliza akamwambia yule kijana kiasi anachotakiwa kumpa na makato ni kiasi gani. Yule kijana akaniangalia, nikamwambia zoea, hapa wote wako hivyo. Kuna kijiji siwezi kukitaja, si mbali na sisi, ambako mabibi wanampa wakala simu na namba ya siri kwa pamoja, na kesi za pesa kupotea zimejaa kwa mtendaji.

Wenye walimu wao waendelee kuleta. Na #6 nakuomba sana, muulize mama kama bado ana makaratasi yale ya posta, hata ukurasa mmoja, upige picha. Ya Mayu Mwalimu yaliliwa na mchwa.


#16

Nimemuuliza leo asubuhi. Anayo, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ya hesabu na ya saikolojia ya mtoto. Amekataa nisiyaguse kabla hajavaa miwani, anataka ayaangalie kwanza yeye. Nikipata nafasi nitayapiga picha niyaweke hapa.